Faharasa Iliyokosekana: Historia ya Rekodi za Skrini Zisizocheza

Rekodi ya skrini ni video ambayo kompyuta au simu huitengeneza yenyewe, bila kamera, kwa kunakili mfululizo wa picha zinazoonekana kwenye kioo chake pamoja na sauti inayoambatana nazo. Walimu huitumia kufundishia, mafundi wa programu huitumia kuonyesha hitilafu, na ofisi huitumia kuhifadhi mikutano iliyofanyika kwa njia ya mtandao. Kasoro moja imeiandama aina hii ya video tangu ilipoanza kutumika: faili huonekana kwenye folda likiwa na jina lake na ukubwa wake wa mamia ya megabaiti, lakini kila linapofunguliwa kichezeshi hukataa, au huonyesha weusi mtupu, au hutoa sauti bila picha. Wenye mafaili hayo husema yameharibika, na wengi huyafuta. Historia ya maumbizo ya video, yaani kanuni za kupanga data ya picha na sauti ndani ya faili, inaonyesha kwamba hukumu hiyo mara nyingi si ya haki, kwa kuwa picha zenyewe huwa zimekwisha kuandikwa kwenye diski na kilichokosekana ni maelezo ya namna ya kuzisoma. Maelezo hayo hukosekana kwa sababu mbili kuu zenye asili tofauti, moja ikitokana na mahali ambapo faharasa ya faili huandikwa na nyingine ikitokana na siri za wenye programu, na zote mbili zina mizizi katika maamuzi yaliyofanywa na wahandisi wa Marekani katika muongo wa 1990.

Kabla ya muongo huo, kurekodi skrini kulimaanisha kuielekezea kamera ya filamu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 vituo vya televisheni vya Marekani vilihifadhi matangazo ya moja kwa moja kwa njia hiyo, na watafiti wa kompyuta waliifuata walipohitaji ushahidi wa kazi zao. Tarehe 9 Desemba 1968, Douglas Engelbart wa taasisi ya utafiti ya SRI alipoonyesha mbele ya mkutano wa wataalamu mjini San Francisco matumizi ya kipanya, uhariri wa maandishi kwenye skrini na mawasiliano ya video kati ya miji miwili, maonyesho yale ya dakika 90 yalirekodiwa kwa filamu, na filamu hiyo inatazamika hadi leo. Ukanda wa filamu una sifa ambayo faili la video halikuirithi: kila picha imekaa peke yake, imekamilika na inaonekana kwa macho, kwa hiyo ukanda ukikatika katikati, sehemu iliyotangulia mkato hubaki nzima wala haihitaji maelezo kutoka mwisho wa ukanda ili ieleweke.

Faili la video la kompyuta za watu wa kawaida lilipata umbo lake la kudumu mwezi Desemba 1991, kampuni ya Apple ilipotoa QuickTime, kazi ya kundi la wahandisi lililoongozwa na Bruce Leak. Umbizo la QuickTime lilijengwa kwa vipande vilivyoitwa atomu, kila kimoja kikianza na baiti nne zinazotaja urefu wake, zikifuatwa na herufi nne zinazotaja aina yake. Atomu mbili ndizo zenye uzito katika habari hii. Ya kwanza, iitwayo mdat, hubeba data ya picha na sauti ikiwa imepangwa mfululizo, bila alama ya umbizo inayotenganisha fremu moja na nyingine, fremu ikiwa ni picha moja kati ya picha nyingi zinazounda video. Ya pili, iitwayo moov, hubeba faharasa, yaani upana na urefu wa picha, aina ya mbano uliotumika, muda wa kila fremu, na mahali hasa ndani ya faili ambapo data ya fremu hiyo inaanzia. Mdat bila moov ni sawa na ghala lililojaa magunia yasiyoandikwa kitu huku daftari la mizigo likiwa limepotea.

Mpangilio huo haukutokana na uzembe. QuickTime ilitungwa kwa ajili ya uhariri, na kwa kutenga faharasa na data, mhariri aliweza kukata, kuunganisha na kupanga upya vipande vya filamu kwa kubadilisha faharasa peke yake, bila kuigusa data nzito ya picha, jambo lenye thamani kubwa katika zama ambazo diski zilikuwa ndogo na za polepole. Lakini faharasa inayotaja mahali pa kila fremu haiwezi kukamilika kabla ya fremu ya mwisho kuandikwa, kwa hiyo programu inayorekodi kwa kawaida huiweka faharasa kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta mpaka mtumiaji abonyeze kitufe cha kusimamisha, na hapo ndipo huiandika mwishoni mwa faili. Umeme ukikatika, betri ikiisha, programu ikianguka au hifadhi ikijaa kabla ya tendo hilo la mwisho, faharasa hutoweka pamoja na kumbukumbu ya muda, hata kama kazi ya saa tatu imekwisha kufika kwenye diski. Kwa mhariri wa mwaka 1991, ambaye picha zake za asili zilikuwa salama kwenye kanda na ambaye aliweza kuanza upya, hasara hiyo ilikuwa ndogo. Kwa anayerekodi mkutano au somo ambalo halitarudiwa, ni hasara ya kila kitu. Umbizo lililobuniwa kwa ajili ya kazi iliyokamilika lilikuja kupewa kazi inayoweza kukatizwa wakati wowote, na sehemu kubwa ya mafaili yasiyofunguka yametokana na kutofautiana huko.

Microsoft ilijibu mwezi Novemba 1992 kwa Video for Windows na umbizo la AVI, lililojengwa juu ya kasha la RIFF ambalo kampuni hiyo na IBM zilikuwa zimelitangaza mwaka uliotangulia. Kasha, katika lugha ya fani hii, ni umbo la nje la faili linaloshika pamoja picha, sauti na maelezo yake. AVI nayo iliandika faharasa yake mwishoni, kwa jina la idx1, lakini maelezo ya msingi, kama vile vipimo vya picha na aina ya mbano, yaliwekwa mwanzoni, na kila kipande cha picha au sauti kilitanguliwa na alama yake na urefu wake. Programu iliyokuta faharasa haipo iliweza kutembea kutoka kipande kimoja hadi kingine na kuijenga upya, na ndiyo maana kichezeshi cha VLC, katika miaka ya baadaye, kilimwuliza mtumiaji aliyefungua AVI lililokatika kama angependa lirekebishwe. Udhaifu wa AVI ulikuwa mahali pengine. Programu nyingi za mwanzo hazikuweza kusoma faili lililozidi gigabaiti 2, mpaka upanuzi ulioitwa OpenDML ulipotokea mwaka 1996, na hata baada ya hapo mfumo wa diski wa FAT32, ambao bado unatumika kwenye flashi na kadi nyingi za kumbukumbu, uliendelea kukataa faili moja linalofika gigabaiti 4. Skrini yenye pikseli 1024 kwa 768, ikirekodiwa bila mbano wowote kwa fremu 15 kila sekunde, hutoa takriban megabaiti 35 kwa sekunde, kwa hiyo gigabaiti 2 hujaa kwa muda wa dakika moja hivi.

Hesabu hiyo iliwalazimu watunzi wa programu za kurekodi kutafuta kodeki zao wenyewe, kodeki ikiwa ni kanuni ya kubana data ya picha au sauti wakati wa kurekodi na kuifungua tena wakati wa kutazama. Picha ya skrini ina tabia tofauti na picha ya kamera. Maeneo yake makubwa yana rangi moja isiyobadilika, herufi zake zina kingo kali zinazoharibika upesi zikibanwa kwa kanuni zilizobuniwa kwa ajili ya nyuso na mandhari, na sehemu kubwa ya kioo hubaki vilevile kwa sekunde nyingi huku kipanya pekee kikisogea. Kanuni ya RLE, ambayo badala ya kuandika pikseli mia moja za rangi ileile huandika rangi hiyo mara moja pamoja na idadi yake, ililingana vizuri na tabia hiyo, na ilitumika katika kodeki ya Animation ya Apple na katika RLE ya Microsoft. Kisha makampuni yakaongeza za kwao. TechSmith ya Michigan, iliyotoa programu ya Camtasia mwaka 1999, ilikuja na kodeki iliyoitwa TSCC. Fraps ya Australia, iliyopendwa na wacheza michezo ya kompyuta, ilikuwa na yake. CamStudio ilikuwa na yake. DOSBox ilikuwa na yake. Na hata VMware, iliyoendesha kompyuta ndani ya kompyuta, iliandika rekodi zake kwa kodeki isiyojulikana na programu nyingine.

Kodeki zote hizo ziliingizwa ndani ya kasha lilelile la AVI. Kwa nje mafaili yalifanana, yote yakiwa na kiambishi kimoja mwishoni mwa jina, na tofauti yao ilikuwa herufi nne tu zilizoandikwa karibu na mwanzo wa faili: tscc, FPS1, CSCD, ZMBV. Kompyuta iliyosoma herufi hizo bila kuwa na kodeki inayohusika ilishindwa kuonyesha picha, lakini kwa kuwa sauti mara nyingi ilihifadhiwa kwa umbizo la kawaida lisilohitaji kitu cha ziada, sauti iliendelea kusikika. Dalili ya sauti bila picha, ambayo watumiaji wengi waliielewa kama faili kuharibika nusu, kwa hakika ilimaanisha kwamba faili lilikuwa zima kabisa na kwamba tatizo lilikuwa kwenye kompyuta ya mtazamaji. Tofauti kati ya faili lililokosa faharasa na faili linalokosa kodeki ndiyo jambo la kwanza ambalo fundi hana budi kulitambua, kwa sababu tiba ya moja haisaidii lolote kwa lingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 vurugu ya kodeki iliongezeka kwa sababu ambazo hazikuhusu skrini. Mfaransa Jérôme Rota wa Montpellier alipoichokonoa kodeki ya MPEG-4 ya Microsoft na kuisambaza kwa jina la DivX, filamu zilianza kuzunguka kwenye intaneti katika makasha ya AVI yenye kila aina ya mbano, na watu wakaanza kusakinisha vifurushi vya kodeki, yaani makusanyo ya kodeki nyingi yaliyowekwa kwenye Windows kwa mkupuo mmoja. Vifurushi hivyo vilitatua tatizo la leo na kuzaa la kesho, kwa sababu kodeki mbili zilizodai kusoma alama moja ziligongana, na faili lililocheza vizuri wiki iliyopita liliacha kucheza baada ya kifurushi kipya. Kutokana na vurugu hiyo zilitokea programu za uchunguzi zisizocheza video bali kusoma tu maelezo yake, kama vile GSpot na baadaye MediaInfo, iliyotungwa na Jérôme Martinez, na MediaInfo imebaki kuwa chombo cha kwanza cha fundi makini hadi sasa, kwa kuwa hutaja kasha, kodeki, vipimo na muda wa faili bila kuhitaji uwezo wa kulicheza.

Suluhisho la kudumu la tatizo la kodeki lilitoka kwa watu ambao hawakuwa wauzaji wa programu za kurekodi. Mwaka 1996 wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris walianzisha mradi wa kusambaza televisheni katika mtandao wa chuo chao, na tarehe 1 Februari 2001 msimbo wa mradi huo ulitolewa kwa leseni huria ya GPL, ukiwemo ndani yake kichezeshi kilichokuja kuitwa VLC. Asili hiyo inaeleza uvumilivu wake unaosifiwa, kwani programu iliyozaliwa kupokea matangazo kwenye mtandao, ambako data hupotea njiani kila mara, haikuweza kudai faili timilifu kabla ya kuonyesha picha. Mwaka 2000 Mfaransa mwingine, Fabrice Bellard, alikuwa ameanzisha FFmpeg, mkusanyiko wa msimbo wa kusoma na kuandika maumbizo ya video, na katika mwaka huohuo Árpád Gereöffy wa Hungaria alianza kuandika MPlayer. Kodeki zilizomo ndani ya FFmpeg zilikuja kutumiwa na VLC, MPlayer na vichezeshi vingine vingi, kwa hiyo kodeki iliyoeleweka mara moja na mtu mmoja ilieleweka kwa wote.

Kazi ya kuzielewa ilikuwa ngumu. Makampuni hayakutangaza kanuni za kodeki zao, na waliotaka kuzijua walilazimika kuichambua programu iliyokwisha kutafsiriwa katika lugha ya mashine, hatua kwa hatua, mpaka mantiki yake ionekane, kisha waiandike upya kwa msimbo wao. Konstantin Shishkov, mmoja wa mahodari wa kazi hiyo, aliandika mwaka 2004 msimbo wa kufungulia kodeki ya Camtasia, na ilibainika kwamba siri yake haikuwa kubwa: ilikuwa RLE ya Microsoft iliyobanwa mara ya pili kwa zlib, kanuni ya mbano iliyojulikana na kila mtunzi wa programu. Rekodi za CamStudio, za Fraps, za VMware na za DOSBox nazo zilipata wasomaji wake ndani ya FFmpeg, na mnamo 2012 zilifuata kodeki za skrini ambazo Microsoft ilikuwa imeziweka katika Windows Media. Watu hawa wanastahili shukrani zaidi ya wanazopewa. Masomo, maonyesho na kumbukumbu za miaka ile zinatazamika leo kwa sababu wao waliona kwamba faili ni mali ya aliyelirekodi, na kwamba kampuni ikifa au ikichoka, mwenye faili asife nayo.

Palipokosekana kazi ya namna hiyo, hasara imedumu. Lotus ScreenCam, miongoni mwa programu za mapema za kurekodi skrini ya Windows, iliandika mafaili ya .scm yaliyohitaji kichezeshi chake yenyewe. Huduma ya mikutano ya WebEx ilihifadhi rekodi kwa maumbizo ya .wrf na .arf, ambayo si video kwa maana ya kawaida, na ofisi zilizokusanya rekodi hizo kwa miaka zimelazimika kuzigeuza mapema wakati kichezeshi cha kampuni kinapatikana. Mwaka 2016 Apple iliacha kuitunza QuickTime ya Windows, na baada ya kufichuliwa udhaifu wa kiusalama ndani yake, serikali ya Marekani iliwashauri watumiaji waiondoe. Mwishoni mwa mwaka 2020 Adobe ikafunga Flash, ambayo ilikuwa imebeba mafunzo mengi yaliyorekodiwa kwenye skrini. Mafaili hayakubadilika hata baiti moja, lakini kwa wasiojua habari ya vichezeshi huria yalionekana kufa siku moja.

Wakati tatizo la kodeki likipungua, tatizo la faharasa lilikuwa likienezwa na kiwango cha kimataifa. Mwezi Februari 1998 shirika la viwango la ISO liliamua kwamba umbizo la faili la MPEG-4 lijengwe juu ya QuickTime, na kutokana na uamuzi huo likapatikana kasha la MP4, lililopewa kiwango chake cha pekee mwaka 2003, pamoja na ndugu yake 3GP, lililotumika kwenye simu za mkononi kabla ya zama za simu janja. Kodeki ya H.264, iliyokamilishwa mwaka huohuo wa 2003, iliingia ndani ya kasha hilo na kuwa lugha ya pamoja ya video duniani. Mchanganyiko huo uliongeza uzito wa hasara kwa namna ambayo wachache waliitazamia. H.264 haiwezi kufunguliwa bila seti mbili fupi za vigezo, zinazotaja vipimo vya picha na chaguo za mbano, na katika MP4 ya kawaida seti hizo huwekwa ndani ya moov. Faharasa ikipotea, vigezo hupotea nayo, kwa hiyo hata programu yenye subira ya kupekua mdat baiti kwa baiti hukosa ufunguo wa kuifungulia fremu ya kwanza. FFmpeg ikikutana na faili la namna hiyo hutoa taarifa moja tu, kwamba atomu ya moov haikuonekana, na taarifa hiyo imekuwa maarufu miongoni mwa mafundi.

Haikulazimika kuwa hivyo. Wahandisi wa utangazaji waliotunga mfumo wa usafirishaji wa MPEG-2 katikati ya miaka ya 1990 walijua kwamba mtazamaji huwasha televisheni katikati ya kipindi na kwamba mawimbi hukatika mvua inaponyesha, kwa hiyo walikata data katika vifungu vidogo vya baiti 188 kila kimoja, wakarudia maelezo muhimu mara kwa mara, na wakahakikisha kwamba mkondo unaweza kuanza kusomwa karibu mahali popote. Rekodi ya skrini, kwa asili yake, ni ndugu wa matangazo ya moja kwa moja, kwani tukio linapita mara moja na chombo kinachorekodi kinaweza kuanguka wakati wowote. Lakini kwa sababu za soko na mazoea ilirithi kasha la wahariri. Mbinu iliyojulikana kwa jina la faststart, ambayo huihamisha moov kutoka mwisho wa faili hadi mwanzo ili video ianze kucheza kwenye intaneti kabla ya kupakuliwa yote, wakati mwingine hudhaniwa kuwa kinga, ilhali uhamisho huo hufanyika baada ya rekodi kukamilika na hauna msaada kwa rekodi iliyokatizwa.

Kuna kundi la tatu la mafaili, ambayo hucheza kwenye kompyuta na kukataa kwenye simu, na chanzo chake ni rangi. Video ya kawaida huhifadhi mwangaza wa kila pikseli lakini huhifadhi rangi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, kwa kuwa jicho la mwanadamu halitambui sana upungufu huo katika picha za kamera. Mpango huo huitwa 4:2:0. Kwenye skrini, ambako herufi nyekundu zaweza kukaa juu ya weusi, upungufu huonekana wazi, na ndiyo sababu baadhi ya programu huhifadhi rangi kamili kwa mpango wa 4:4:4. Chipu za kufungulia video ndani ya simu nyingi na televisheni hazikutengenezwa kwa mpango huo, na FFmpeg yenyewe, ikirekodi skrini kwa H.264 bila kuelekezwa, imekuwa ikijichagulia 4:4:4 na kuwaachia watumiaji fumbo. Mpango wa 4:2:0 nao unadai upana na urefu visivyo witiri, kwa hiyo dirisha lenye upana wa pikseli 1001 lililorekodiwa lilivyo limewahi kuleta makosa ambayo tiba yake ilikuwa kupunguza pikseli moja. Katika hali hizi faili halihitaji kufufuliwa, bali kubadilishwa tu kuwa 4:2:0.

Simu janja zilipeleka kasoro ya faharasa kwa mamilioni ya watu. Android 4.4 ya mwaka 2013 ilileta amri ya kurekodi skrini iliyotolewa kutoka kwenye kompyuta kwa waya, kwa muda usiozidi dakika tatu, na waliochomoa waya au kuua mchakato bila kuusimamisha kwa utaratibu walijikuta na MP4 isiyo na moov. Android 5.0 iliruhusu programu za kawaida kurekodi, iOS 11 ya mwaka 2017 iliweka kitufe cha kurekodi kwenye iPhone, na Android 11 ya mwaka 2020 ikafanya vivyo hivyo. Kumbukumbu inapopungua, simu hufunga programu bila kuuliza, na hifadhi yake ndogo hujaa haraka, mambo mawili yanayokatiza rekodi kabla faharasa haijaandikwa. Mwezi Machi 2020, Kenya, Tanzania na Uganda zilipofunga shule na vyuo kwa sababu ya UVIKO-19, waliofundisha kwa njia ya mtandao waliingia katika fani hii bila kuandaliwa. Zoom, inaporekodi kwenye kompyuta ya mtumiaji, huandika kwanza data ghafi yenye kiambishi cha .zoom na kuigeuza kuwa MP4 baada tu ya mkutano kwisha, kwa hiyo aliyefunga kompyuta mapema, au aliyekatikiwa umeme, aliachiwa mafaili ambayo hakuna kichezeshi kilichoyatambua, ingawa kuyafungua tena kwa Zoom yenyewe mara nyingi kulikamilisha ubadilishaji.

Tiba ya MP4 iliyokosa faharasa ilipatikana kwa hoja rahisi. Kifaa kilekile, kikirekodi kwa mipangilio ileile, huandika vigezo vilevile, kwa hiyo vigezo vilivyopotea katika faili moja vinaweza kuazimwa kutoka katika faili zima la kifaa hicho. Programu huria ya untrunc, iliyotungwa na Mwitaliano Federico Ponchio, husoma faili zima, hujifunza kutoka kwake namna fremu zinavyoanza, kisha hupita ndani ya mdat ya faili bovu ikikisia mipaka ya kila kipande, na mwishoni huandika moov mpya. Mafundi wanaoijua huanza kwa kumwomba mteja arekodi dakika chache za skrini kwa simu ileile na ubora uleule, ombi ambalo humshangaza asiyejua sababu yake. Kabla ya hatua hiyo wao huhakikisha kwamba faili la asili haliko mahali pengine, kwa kuwa MP4 iliyonakiliwa nusu kutoka kwenye simu hukosa mwisho wake, na mwisho huo ndimo ilimo moov. Dalili hufanana kabisa na za rekodi iliyokatizwa, ilhali tiba ni kunakili upya. Faili lenye ukubwa wa sifuri halina tiba ya namna hii, na sekunde za mwisho ambazo mfumo ulikuwa haujazifikisha kwenye diski umeme ulipokatika hazimo popote.

Kinga ilichukua muda mrefu zaidi kuliko tiba. Mwezi Desemba 2002 kundi lililoongozwa na Steve Lhomme lilitangaza Matroska, kasha huria linaloandikwa kwa mafungu yanayofuatana, maelezo ya kodeki yakiwa mwanzoni na kila fungu likitaja muda wake, kiasi kwamba faili lililokatika hucheza mpaka pale lilipokatika. Google ililifanya kasha hilo kuwa msingi wa WebM mwaka 2010, na vivinjari vilipoanza kurekodi skrini vyenyewe viliandika WebM isiyo na jumla ya muda wala faharasa ya kurukia mbele, video inayocheza vizuri lakini isiyokubali kusogezwa, kasoro inayoondoka faili likipitishwa kwenye FFmpeg bila kubana upya. OBS, programu huria iliyoanzishwa na Hugh Bailey mwaka 2012 na kuenea miongoni mwa watangazaji wa michezo ya kompyuta, iliwaonya watumiaji wake kwa miaka mingi wasirekodi moja kwa moja kwa MP4, bali watumie Matroska na kubadilisha kasha baada ya kumaliza, kazi ya muda mfupi isiyogusa ubora wa picha. Wengi walipuuza onyo hilo kwa kuwa programu zao za uhariri zilikataa Matroska, wakalipa gharama.

Kiwango cha ISO chenyewe kilikuwa na njia ya kutoka, iitwayo MP4 ya vipande, ambamo vigezo huandikwa mwanzoni na kila sekunde chache za data hutanguliwa na faharasa yake ndogo. Njia hiyo ilikuzwa na huduma za kutiririsha video kwenye intaneti tangu mwishoni mwa muongo wa 2000, lakini baadhi ya programu za uhariri ziliisoma kwa shida au kwa polepole mno. Toleo la 30.2 la OBS, lililotoka mwaka 2024, liliunganisha tabia zote mbili: rekodi huandikwa kwa vipande wakati inaendelea, na inaposimamishwa kwa utaratibu huandikiwa moov kamili inayolifanya faili lionekane kuwa MP4 ya kawaida mbele ya kila programu. Kompyuta ikizimika ghafla kabla ya hapo, faili hubaki la vipande na hufunguka likiwa na yote isipokuwa kipande cha mwisho kisichokamilika, yaani sekunde chache. Programu za kurekodi ambazo bado huweka faharasa nzima kwenye kumbukumbu ya muda ni nyingi, zikiwemo zile zinazopakuliwa bure kwenye simu, na rekodi zao zikikatizwa huendelea kutegemea faili jingine zima la kuazima vigezo.